Fedha ya Dubu Mwenye Taji

Mzee aliitoa ile sarafu kwenye kimfuko cha plastiki, akaiweka juu ya mizani ndogo ya jikoni, ya aina ileile ninayopimia hamira nyumbani. Namba zikachezacheza, zikatulia kwenye 22.

"Fedha," akasema kwa Kijerumani. *Silber.*

Ilikuwa Jumamosi ya baridi, kwenye gulio la vitu vya zamani hapa Halle, Ujerumani, mji ninaoishi kwa mwaka wa tisa sasa. Mezani kwake kulikuwa na vijiko, saa za mfukoni zilizosimama, medali za vita na trei moja ya sarafu. Mimi nilikuwa natafuta taa ya mezani. Kilichonisimamisha ni dubu. Dubu amevaa taji, anatembea juu ya ukuta wa ngome, hatua moja baada ya nyingine, kama paka anayekatiza paa la jirani.

Nikamwambia mzee jambo ambalo humtoka mtu aliye mbali na kwao hata asipoulizwa. Nilimwambia kwamba katika lugha yangu, madini haya na kile ninacholipia kodi ya nyumba vina jina moja. Mkufu wa fedha. Waziri wa fedha. Neno ni lile lile.

Akafikiri kidogo. Hakucheka. Akaniuliza:

"Sasa mkishika kitu mkononi, mnajuaje ni ipi?"

Nililipa, nikaitia sarafu mfukoni, nikaondoka bila taa. Swali lile nimelala nalo na kuamka nalo wiki sita.

## Sarafu inayotaja vipimo vyake

Ni tala moja ya mwaka 1855, kutoka utemi wa Anhalt-Bernburg, moja ya nchi ndogo za Kijerumani za zamani zile. (Wajerumani huandika *Thaler*. Mimi nitaandika tala, ndivyo inavyosikika masikioni.) Ina jina la mtemi, Alexander Carl. Ina herufi ndogo A, alama ya kiwanda cha sarafu cha Berlin, kwa sababu utemi huu uliagiza tala zake zifuliwe huko kwa jirani mkubwa, Prussia. Ina maneno yanayosema *Segen des Anhalt. Bergbaues*, yaani baraka ya migodi ya Anhalt.

Halafu kuna mstari ulionikosesha usingizi usiku wa kwanza: *XIV EINE F. M.*

Kumi na nne, marki moja safi.

Marki hapa bado ni uzito, haijawa hela ya kununulia mkate. Marki ya Köln, kipimo cha kale cha mafundi wa dhahabu na fedha, ilikuwa na gramu 233.855. Mstari ule unasema: chukua marki moja ya fedha isiyo na mchanganyiko, itoe tala kumi na nne, isizidi hata moja. Nikapiga hesabu nyuma ya bahasha. Kila tala ina gramu 16.7 za fedha safi. Ukiongeza shaba ya kuifanya iwe ngumu, robo ya uzito wote, unapata gramu 22.27.

Mizani ya mzee ilikuwa imesema 22. Mizani yangu, ambayo husoma na nukta, ilisema 21.9.

Hiyo tofauti ndogo imekwenda wapi? Imebaki kwenye vidole. Imebaki kwenye meza za vilabu vya pombe, kwenye mifuko ya makoti, kwenye makasha ya watoza kodi. Watu wameisugua sarafu hii kwa kupeana mpaka ikapungua karibu theluthi moja ya gramu, na bado dubu anatembea.

Nilikaa nayo mezani nikifikiria noti zilizo kwenye pochi yangu. Hakuna noti hata moja inayoniambia imetengenezwa kwa kitu gani na kwa kiasi gani. Haina haja. Lakini sarafu hii ilijiona inawajibika kusema, kama fundi cherehani anayekuonyesha kitambaa kwanza kabla hajakata.

Nikadhani nimepata jibu la mzee. Zamani zile, nikajiambia, ilikuwa rahisi kujua, kwa sababu fedha ilikuwa fedha. Niliandika makala nzima kwa wazo hilo, kurasa nne.

Makala hiyo sikuichapisha. Nitaeleza kwa nini.

## Nchi ndogo na kishawishi

Anhalt ilikuwa ya ukoo mmoja. Mwaka 1603 ndugu waliigawana kama shamba la urithi: Dessau, Bernburg, Köthen, Zerbst. (Yule binti aliyekwenda kuolewa Urusi akawa Katarina Mkuu alitoka kwenye kipande cha Zerbst. Kutoka nchi ambayo ungeivuka kwa farasi ndani ya siku moja akatawala mpaka bahari ya Pasifiki.) Bernburg ilipewa hadhi ya utemi kamili mwaka 1806, na wakati sarafu yangu inafuliwa watu wake hawakufika laki moja.

Kwa nini nchi ya namna hii ihangaike na sarafu zake yenyewe? Sababu ya kwanza ni heshima. Mtawala asiye na sarafu yenye jina lake alionekana kama mwenye nyumba asiye na mlango. Sababu ya pili inahitaji uangalifu zaidi, nayo ni faida.

Tala moja ilikuwa na silbergroschen 30, na kila moja ya hizo ilikuwa na pfennig 12. Sarafu kubwa ilibidi iwe ya kweli kwa sababu ilivuka mipaka, na mfanyabiashara wa Leipzig angeipima. Lakini chenji ndogo, zile za kununulia maziwa, hazikupimwa na mtu. Ukizipunguzia fedha na kuziongezea shaba, tofauti inabaki kwako. Miaka ya 1830 utemi mwingine mdogo, Coburg, ulifanya hivyo kwa sarafu zake za kreuzer 6, ukazimwaga kwa wingi kwa majirani, mpaka majirani wakazikataa. Walioumia hawakuwa mabenki. Ni muuza maziwa aliyeamka asubuhi akaambiwa kikopo chake cha akiba hakina kitu.

Ndiyo maana wakakaa pamoja. Mkataba wa Dresden wa mwaka 1838 ulifunga kamba kati ya nchi za kaskazini zilizotumia tala na za kusini zilizotumia gulden: tala mbili zilikuwa sawa na gulden tatu na nusu, na sarafu ya pamoja ikakubaliwa. Mkataba wa Vienna wa Januari 1857 ukaacha marki ya Köln na kuchukua ratili ya gramu 500, tala 30 kwa kila ratili. Ukilinganisha na sarafu yangu, fedha ilipungua kwa sehemu ndogo sana ya gramu, karibu 0.04. Mataifa mengi, yenye watawala wenye wivu, yakakubaliana mpaka kwenye nukta ya pili.

Hapo bado nilikuwa nalipenda jibu langu.

## Treni ya kwenda Silberhütte

Wiki ya tatu nikaenda kutafuta hiyo migodi.

Unapanda treni Quedlinburg, treni ya makaa, yenye behewa fupi na madirisha ya kushusha. Inapita Gernrode, inaingia msituni, inapinda na mto Selke kupitia Mägdesprung na Alexisbad. Nilipokanyaga kwenye behewa nilihisi kitu nisichoweza kukitaja mara moja. Upana wake. Namna abiria wawili wanavyogusana mabega. Nikasoma baadaye: ni reli ya mita moja, kipimo kilekile cha reli ya Tanga, iliyoanza kujengwa na Wajerumani mwaka 1893. Reli hii ya Selke walianza kuitumia 1887. Mwili wangu ulikuwa umeitambua kabla yangu, kwa sababu utoto wangu ulipita kando ya njia ile, kati ya Tanga na Muheza.

Stesheni ninayoitaka inaitwa Silberhütte. Maana yake ni nyumba ya kuyeyushia fedha. Ukishuka unaona msitu, mto, nyumba chache na ukimya. Tanuri hazipo tena. Migodi ya Neudorf na Harzgerode, iliyolisha tanuri hizo, ilifungwa kitambo. Fuwele za madini ya Neudorf zimetapakaa kwenye makumbusho ya dunia, zinang'aa nyuma ya vioo.

Sikujua kabla ya safari hii kwamba fedha ya Anhalt haikuchimbwa ikiwa fedha.

Kilichotoka ardhini kilikuwa risasi. Jiwe zito la kijivu, linalometameta, ambalo ndani yake fedha imejificha kidogo sana. Lilipondwa, likaoshwa kwa maji ya mto, likayeyushwa. Kisha ile risasi iliyoyeyuka ikawekwa kwenye tanuri la wazi na kupulizwa hewa kwa saa nyingi. Risasi inaungana na hewa, inageuka utando wa manjano, inatolewa pembeni, utando mwingine unatokea, unatolewa. Mwishoni kabisa utando wa mwisho unapasuka, na chini yake fedha inatupa mwanga mmoja mkali kama jicho linalofunguka. Wachimbaji wa Kijerumani wana neno la dakika hiyo: *Silberblick*, mtazamo wa fedha.

Wana neno jingine pia. *Hüttenkatze*, paka wa tanuri. Ni jina waliloyapa yale maumivu ya tumbo yaliyowashika watu waliovuta moshi wa risasi miaka nenda miaka rudi. Paka anakwaruza kutoka ndani.

Nilikaa kwenye benchi la stesheni nikishika sarafu yangu yenye neno baraka.

Na hapa Kiswahili kikaniongezea mzigo, kwa sababu kwetu risasi ni madini, na risasi ni ile inayotoka kwenye bunduki. Machi 1849, miaka sita kabla ya sarafu hii, watu wa mji wa Bernburg walikusanyika wakati wa fujo za kudai katiba na bunge lao. Askari wakafyatua. Zaidi ya watu kumi walikufa katika mji ambao karibu kila mtu alimjua mwenzake.

Tala za namna hii wakusanyaji huziita *Ausbeutethaler*. *Ausbeute* ni mavuno ya mgodi, kile kinachobaki kwa wenye hisa baada ya gharama kutolewa. Nilipofungua kamusi kuhakikisha, neno lililofuata chini yake lilikuwa *Ausbeutung*.

Unyonyaji.

Mtu aliyesoma shule za Tanzania hawezi kupita juu ya neno hilo bila kusimama. Tuliimba juu yake. Tuliliandika kwenye mitihani ya siasa. Sikutarajia kulikuta likiwa jirani wa mlango na neno baraka, kwenye kipande cha fedha kisichozidi kipenyo cha kifuniko cha chupa ya maziwa.

Je, nilikuwa na haki ya kuisifu sarafu hii kwa ukweli wake? Iliandika uzito wa fedha. Haikuandika uzito wa kitu kingine chochote. Nilirudi Halle na treni ya jioni, na ile makala yangu ya kurasa nne nikaiona ni nyepesi.

## Mtemi aliyetoweka ndani ya mwaka huohuo

Kisha nikasoma habari za Alexander Carl.

Nilikuwa nimemchukulia kama watawala wote wa kwenye sarafu, mtu mwenye masharubu na amri. Alizaliwa Ballenstedt mwaka 1805. Akarithi kiti mwaka 1834, akaoa mwaka huohuo Friederike, binti wa kifalme kutoka ukoo wa Glücksburg. Hawakujaliwa mtoto. Akili yake ilikuwa dhaifu tangu ujanani, na miaka ilivyokwenda ugonjwa ukamzidi, ule ambao leo daktari angeuita skizofrenia.

Mwaka 1855 Friederike akafanywa mtawala mwenza, na kwa kweli ndiye aliyebaki anatawala. Mtemi akahamishiwa kasri ya Hoym, mbali na macho ya watu. Mchoraji Wilhelm von Kügelgen, ambaye alikuwa mtumishi wa baraza lake, alikaa naye huko akimliwaza na kumtunza kwa miaka.

1855.

Niliinuka kwenda kuitoa sarafu kabatini, ingawa mwaka wake nilikuwa naujua kwa moyo. Mwaka ambao mashine ya Berlin ilikuwa inagonga jina Alexander Carl kwenye fedha, sahani baada ya sahani, ndio mwaka ambao mwenye jina alikuwa anafungiwa mlango. Mtu akilipa kwa tala hii sokoni Ballenstedt mwaka 1856, alitumia jina la mtu ambaye hakujua tena vizuri yuko wapi.

Na sarafu haikutetereka. Hakuna mfanyabiashara aliyeikataa eti mtemi ni mgonjwa. Haikuwa na haja ya mtemi. Gramu 16.7 zilikuwemo ndani, awe mzima au hoi, awe hai au marehemu. Pengine ndiyo sababu dubu alitosha na sura haikuhitajika.

Jambo hili lilinigusa kuliko nilivyotegemea. Baba yangu mdogo aliugua ugonjwa wa namna hiyo. Nakumbuka jinsi jina lake lilivyoendelea kuandikwa kwenye mambo ya ukoo, kwenye mchango wa harusi, kwenye hati ya shamba, wakati yeye mwenyewe amekaa chumba cha uani akizungumza na ukuta. Jina linatembea, mtu amebaki. Nilikuwa mtoto, nikaona ni uongo wanaoufanya wakubwa. Leo nadhani ilikuwa njia yao ya kumshikilia asitoke mezani.

Alexander Carl alifariki Hoym Agosti 1863. Pamoja naye ukaisha utemi wa Bernburg, ukaunganishwa na Dessau. Mtemi wa Dessau akafua tala ya kukumbuka jambo hilo, imeandikwa kwamba Anhalt iligawanyika 1603 na kuungana 1863. Miaka mia mbili na sitini ya mgawanyo wa ndugu, imewekwa kwenye mstari mmoja.

Sawa, nikasema. Nina jibu jipya kwa mzee, lililopitia moto. Fedha ya kweli ni ile ambayo mtawala akiondoka, yenyewe inabaki.

Hilo nalo halikudumu wiki.

## Usiku ambao tala iligeuka

Mwaka 1871 Ujerumani ilikuwa imeshinda vita na Ufaransa, na Ufaransa ilikuwa inalipa fidia ya faranga bilioni 5. Dola jipya la Ujerumani likaamua kuegemea dhahabu. Sheria ya Desemba 1871 ikaleta sarafu za dhahabu, na sheria ya Julai 1873 ikaweka marki, sasa ikiwa sarafu na si uzito, kuwa kipimo cha nchi nzima. Tala za zamani hazikufutwa. Zilipewa thamani: marki 3 kila moja.

Marki 3 ilikuwa hesabu ya haki. Wakati huo fedha mara 15 na nusu ilikuwa sawa na dhahabu mara moja kwa uzito, na gramu 16.7 za fedha kwa bei hiyo zinakaribia marki 3 kabisa.

Lakini Ujerumani ikaanza kuuza fedha yake ya ziada kwenye soko la dunia. Nchi nyingine nazo zikafunga milango kwa fedha. Migodi mipya ya Marekani ikamwaga zaidi. Bei ikaporomoka, ikaporomoka tena, mpaka mwaka 1879 Berlin ikasimamisha mauzo kwa sababu ilikuwa inajiumiza yenyewe. Ilipofika 1894 ulihitaji fedha mara zaidi ya 30 kupata dhahabu mara moja.

Nikachukua bahasha nyingine.

Gramu 16.7 za fedha mwaka 1894 zilikuwa na thamani isiyofika marki moja na nusu. Na tala, dukani, bado ilikuwa marki 3.

Kwa hiyo fikiria mwanamke wa Ballenstedt aliyeweka tala ya dubu kwenye soksi mwaka 1856 na kuitoa mwaka 1894. Hakuna aliyeigusa. Haikupunguzwa fedha, haikuongezwa shaba. Mstari wa XIV EINE F. M. upo palepale na bado unasema kweli. Ila alipoiweka ilikuwa madini yenye chapa, na alipoitoa ilikuwa ahadi ya serikali kwa zaidi ya nusu ya thamani yake. Ilivuka kutoka fedha kwenda fedha ikiwa ndani ya soksi, gizani, bila mlio.

Iliendelea kutembea hivyo hadi tarehe 1 Oktoba 1907, siku ambayo tala ziliacha kuwa malipo halali.

Hapo ndipo swali la mzee liliponirudia kwa nguvu yake yote. Mnajuaje ni ipi? Mwanamke yule asingejua. Kwa kupima asingejua, kwa kusoma asingejua, kwa kuigonga juu ya jiwe asingejua. Nami niliyekuwa nimeegemea gramu 16.7 kama nguzo ya nyumba, nikaona nguzo yenyewe inatembea.

## Upande wetu wa bahari

Nilijaribu kuliweka jambo hili Ujerumani tu. Halikukaa.

Pwani yetu ilikuwa na reale za Maria Theresa, ambazo ni dada wakubwa wa tala, na ilikuwa na rupia za Kihindi. Juni 1893 serikali ya India ilifunga viwanda vyake kwa watu binafsi waliopeleka fedha ifuliwe kuwa rupia. Kuanzia hapo rupia nayo ilipata thamani kwa amri, ikipita ile ya madini yake. Yaliyompata mwanamke wa Ballenstedt yalimpata pia mwenye duka wa Pangani, kwa sababu ileile, miaka ileile.

Na kilekile kiwanda cha Berlin kilichofua dubu kilikuwa tangu 1890 kinafua rupia za Kampuni ya Ujerumani ya Afrika Mashariki, zenye mfalme Wilhelm wa Pili amevaa kofia ya chuma yenye tai juu. Gramu 11.66 kila moja. Mwaka 1904 utawala wa kikoloni uliweka rupia 15 kuwa sawa na marki 20. Ukizungusha hesabu, kwa miaka mitatu, 1904 hadi 1907, tala ya dubu ilikuwa sawa na rupia mbili na robo. Hakuna aliyewahi kuzibadilisha Tanga, nadhani. Ila katika vitabu vya hesabu zilisimama kwenye mstari mmoja, tala ya mtemi mgonjwa na rupia ya mpagazi.

Neno lenyewe limefika hata kwenye vituo vyetu vya basi. Tala ni kifupi cha sarafu za bonde la Joachimsthal, zilizofuliwa mwaka 1520 hivi huko Bohemia. Waholanzi wakalitamka kwa namna yao, Waingereza wakapata dola, sisi tukaita shilingi tano dala, na nauli ya dala ikazaa daladala. Nimepanda jina la bonde la Bohemia kutoka Chumbageni mpaka Raskazone maisha yangu yote ya shule.

## Simu ya Jumapili

Jumapili iliyopita nilimpigia shangazi, Tanga.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba mwanangu. Huko baridi imepungua?"

Tukazungumza mambo ya nyumbani, mguu wake, bei ya nazi. Kisha nikamuuliza kuhusu kile kidani cha bibi. Nilikikumbuka vibaya, kama mtu anavyokumbuka ndoto ya asubuhi: duara jeupe kwenye uzi mweusi, kifuani kwa bibi, karibu na uso wangu alipokuwa ananipakata.

"Kipo," akasema. "Kwenye kopo la biskuti. Ngoja."

Nikasikia kopo linafunguliwa. Akanitumia picha. Uso umesagika, lakini kofia inaonekana, na tai juu yake amebaki kama kivuli. Rupia ya Wilhelm. Ukingoni, juu ya kichwa cha mfalme, kuna kitanzi kidogo kimechomelewa na sonara, na uzi umepita humo.

Nilikitazama kile kitanzi kwa muda mrefu. Sonara aliyekichomelea alijua anachofanya. Rupia yenye kitanzi hakuna karani atakayeipokea. Bibi, au mama yake bibi, alikwenda na ahadi ya dola la Ujerumani mpaka kwenye duka la sonara, akaomba itolewe pumzi, irudi kuwa madini.

Nikamweleza shangazi yote, tangu gulio mpaka soksi ya Ballenstedt. Alinisikiliza bila kunikatiza, jambo ambalo si kawaida yake. Nikamuuliza kama anajua ile hela ilikuwa na thamani gani siku bibi alipoivaa.

"Hela?" akasema. "Hela ni zile za shaba za Mjerumani, heller zao. Bibi yako alikuwa nazo pia, kwenye bweta, za kununulia chumvi. Zilipokwisha Wajerumani tukachezea bao."

Kimya kidogo. Nilisikia uzi unakwaruza kwenye simu, kama anajaribu kukivaa.

"Hii siyo hela, mwanangu. Hii ni fedha."